Sahihi ya Mama Kwenye Safu ya Pili

Sehemu ya tisa

Wiki hii nimepokea ujumbe mwingi kuliko wiki zote zilizotangulia. Mmoja wenu ameandika kwamba mimi ni nyoka na gazeti linakosea kunipa ukurasa. Mwingine, anayesema ni mwalimu mstaafu, ameniomba niache kujitetea.

Sijitetei. Ningetaka kujitetea ningeanzia hadithi hii mahali pengine kabisa.

Kwa aliyelishika gazeti leo kwa mara ya kwanza, mambo yako hivi. Nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, nikisomea sayansi ya habari. Kwetu walipoambiwa ni habari walijiandaa kuniona kwenye televisheni. Baba alipoelewa kwamba ninajifunza kutunza nyaraka, kuziorodhesha, kuzipanga na kuamua ipi ibaki na ipi iondoke, alikunja uso. "Kwa hiyo nimekupeleka chuo kikuu ukasomee kutupa karatasi," alisema. Tulicheka wote wawili.

Nikapelekwa mafunzo kwa vitendo kwenye masjala ya mahakama, yaani chumba kinachotunza majalada ya kesi. Stoo ilikuwa imejaa mpaka dirisha halifunguki. Kanuni ilisema jalada likae miaka kumi na miwili tangu kesi kumalizika, ndipo lipelekwe kiwandani kusagwa.

Mimi nilihesabu tangu kesi kufunguliwa. Tarehe ya kufunguliwa imeandikwa juu ya jalada kwa wino mnene, unaiona umesimama. Tarehe ya kumalizika iko ndani, ukurasa wa mwisho, na kufungua kila jalada kunachelewesha. Nilitaka kuwa wa kwanza darasani. Niliorodhesha majalada elfu moja mia nane na arobaini kwa siku tisa, msajili wa mahakama akatia sahihi orodha yangu bila kufunua ukurasa wa pili, lori likaja, likapakia, likaondoka.

Siku chache baadaye akaja mama mmoja dirishani. Alitaka jalada la mwanawe aliyefungwa maisha, ili rufaa yake isikilizwe. Kesi ilifunguliwa miaka kumi na mitatu iliyopita. Ilimalizika miaka minane iliyopita. Nilipoisoma namba kwenye kikaratasi chake nilijua papo hapo.

Nilichofanya baada ya kujua ndicho mlichonitukania wiki nzima. Kitabu cha dirishani kina safu mbili za sahihi. Ya kwanza anasaini aliyeomba jalada. Ya pili anasaini aliyelipokea. Mama yule hajui kusoma, amejifunza kuandika jina lake tu. Nilimwekea kidole kwenye safu ya pili nikamwambia, "Hapa, mama."

Aliandika taratibu, herufi moja moja, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Akaniuliza kama amepatia. Nikamwambia amepatia.

Nilitaka nipate wiki moja tu ya kufikiri. Ikapita miezi saba.

Haya. Leo ninawapeleka kwenye Jumatatu ile.

Simu iliita saa nne asubuhi nikiwa darasani. Somo lilikuwa maadili ya taaluma. Najua mtasema natia chumvi, lakini ratiba ya chuo siipangi mimi. Nikatoka nje, nikajibanza penye ngazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nakusumbua, uko darasani?"

"Hapana, mama. Sema tu."

"Wameniletea karatasi. Jirani amenisomea mara mbili, nikamwambia asome tena." Akavuta pumzi. "Wanasema faili ninalo mimi."

Nikakaa kwenye ngazi.

"Nani wanasema?"

"Serikali. Eti nililichukua nikaliharibu ili mwanangu aachiwe. Eti kuna sahihi yangu kwamba nilipewa mkononi. Mimi niliomba tu, mwanangu. Sikupewa kitu. Wewe si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Basi mimi sielewi. Alhamisi ndiyo rufaa. Nakuomba uje ukae na mimi. Yale maneno yao siyajui, na nikikuona wewe moyo unatulia."

Mnaweza kujiuliza ilikuwaje mtu huyu aniamini kiasi hicho. Nitawaambia, ingawa naona haya. Kwa miezi saba nilikuwa ninamsaidia kutafuta. Nilimtolea kiti dirishani, nikamletea maji, nikamsindikiza ofisi hadi ofisi, nikaandika namba yangu ya simu nyuma ya kikaratasi chake. Hata mafunzo yalipokwisha nikarudi chuoni, alikuwa ananipigia na mimi ninakwenda. Tulitafuta pamoja kitu ambacho nilijua kimeshakuwa uji kiwandani.

Sikufanya hivyo kwa wema. Nilikuwa ninaogopa atafute na mtu mwingine.

Msaidizi wa sheria anayewatembelea wafungwa alikuwa amenieleza hesabu yote siku za nyuma. Jalada likipotea mikononi mwa mahakama, jaji anaweza kumwachia mfungwa, au kuamuru kesi ianze upya. Na kwa kuwa shahidi aliyemfunga kijana yule ameshafariki, kesi mpya isingekuwa na miguu. Angetoka. Lakini likipotea mikononi mwa mfungwa au ndugu zake, rufaa inatupwa nje na hakuna nyingine.

Kwa hiyo mtu alikuwa afie gerezani kwa sababu ya kidole changu kwenye safu ya pili. Nilikaa pale penye ngazi mpaka wenzangu wakatoka darasani. Mmoja akaniuliza kama ninaumwa, nikamwambia ni tumbo.

Siku hiyo niliamua kusema. Sijisifu. Nilichelewa miezi saba.

Jumanne asubuhi nilikwenda kwa mhadhiri wangu, ambaye ndiye mkuu wa idara yetu. Tulimwita Kiambatisho, kwa sababu hata umpelekee kazi ya kurasa mia, swali lake la kwanza ni, "Kiambatisho kiko wapi?" Ni yeye aliyesimamia mafunzo yangu. Ripoti yangu aliipa alama tisini na moja, akaiweka kwenye chumba cha kusomea cha idara ili wadogo zetu waige.

Na kiambatisho cha tatu cha ripoti ile kilikuwa orodha kamili ya majalada niliyoyapeleka kusagwa. Namba ya jalada la kijana yule ilikuwamo. Sahihi yangu ilikuwamo. Sahihi ya msajili ilikuwamo. Nilihitaji karatasi ile tu.

"Karibu, mwanafunzi wangu," alisema. Alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya tai.

Nilimwambia kila kitu. Nilidhani atashtuka, angalau ataacha kufuta miwani. Hakuacha.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Vizuri. Umri wa jalada unahesabiwa tangu lini?"

"Tangu kesi kumalizika."

"Nilifundisha mwaka gani?"

"Wa kwanza."

"Wiki ya ngapi?"

"Ya nne, mwalimu."

"Ya nne." Akavaa miwani. "Mimi niliisoma ripoti yako. Niliipitisha. Nimewafundishia watu kwa ripoti hiyo. Unaelewa kwamba hukuharibu peke yako? Umeniharibia na mimi."

"Nisamehe, mwalimu. Lakini yule mtu yuko ndani."

Nje watu walikuwa wanabishana kuhusu zamu ya mashine ya kunakili.

"Basi nenda chumba cha kusomea, uichukue ripoti," akasema. "Ukiipata, njoo tuandike barua kwa jaji. Tutaiandika wote wawili."

Machozi yalinitoka pale pale. Nilimshukuru kama mjinga. Nilishuka ngazi nikijiambia kwamba nimemfikiria vibaya, kwamba kumbe mtu mzima akiambiwa ukweli anaubeba. Sijawahi kuwa na wepesi wa moyo kama ule wa kutoka ghorofa ya pili hadi chini.

Chumba cha kusomea kilikuwa na mkutubi mmoja, dada mwenye umri wa kunizidi miaka kumi hivi. Jina lake kwetu lilikuwa Shii, kwa kuwa ndilo neno alilotuambia zaidi. Siku hiyo hakuniambia shii. Aliponiona tu akainama kwenye droo, akaanza kupanga kalamu.

Sikuhitaji kuuliza mahali. Ripoti ile niliiorodhesha mwenyewe, lebo nikaibandika mwenyewe, nikaisugua kwa kucha ili isibanduke. Nilikwenda rafu ya tatu kutoka chini.

Palikuwa na pengo. Ripoti mbili za pembeni zilikuwa zimeegemeana.

Nikaenda kwenye kompyuta ya katalogi. Nikaandika jina langu. Hakuna. Nikaandika kichwa cha ripoti. Hakuna. Nikaandika namba. Ikaja ripoti ya mtu mwingine, ya mwaka mwingine, kuhusu magazeti ya zamani.

"Dada, ripoti yangu iko wapi?"

"Imeondolewa."

"Imeondolewa na nani?"

"Na mimi." Bado alikuwa anapanga kalamu. "Nimeagizwa. Ripoti, daftari lako la mafunzo, na kwenye katalogi nifute."

"Umeagizwa na nani?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kwani idara hii ina wakubwa wangapi?"

"Lini?"

"Jana mchana."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Jana ilikuwa Jumatatu. Jumatatu mchana nilikuwa bado sijamwambia binadamu yeyote. Nilikuwa nimekaa penye ngazi nasingizia tumbo.

"Sasa ziko wapi?"

"Mdogo wangu, mashine ya kukatia karatasi iko ofisini kwake. Mimi nimezipeleka, nikaambiwa asante. Usinitafutie makubwa, nina watoto."

Hapo ndipo akili ilipokaa sawa. Kuna mtu aliyemwonya Kiambatisho kabla yangu, na mtu huyo hakuweza kuwa mwingine ila msajili. Barua ya kumshtaki mama ilitoka mikononi mwa msajili yule yule aliyesaini orodha yangu bila kuisoma. Alikuwa ameshajua jalada lilikokwenda. Wote wawili walikuwa wameshajua, na kila mmoja alikuwa na sahihi yake ya kulinda. Sahihi iliyobaki bila mtu wa kuilinda ilikuwa ya mama.

Na Kiambatisho hakunifukuza ofisini. Alinituma nikajionee mwenyewe.

Nilirudi ghorofani mbio. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikagonga. Sauti yake ikatoka ndani, ya upole kabisa.

"Umeipata?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi hakuna cha kuandikia barua. Mtihani wa mwisho ni wiki ijayo, nenda kasome."

Najua mnachotaka kuniuliza. Nakala yangu mwenyewe je? Hakuna mwanafunzi asiyekuwa na nakala.

Nilikuwa nazo nne. Moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi, moja kwenye barua pepe, na picha za orodha kwenye simu. Nilizifuta zote siku ile ile nilipokabidhi ripoti chuoni. Tulikuwa tumefundishwa kwamba kufuta mara moja hakutoshi, kwamba mtaalamu anaweza kurudisha. Kwa hiyo nilifuta mara tatu, kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa.

Sikuwahi kufaulu somo vizuri kama lile.

Jumatano niliandika maelezo yangu kwa mkono, kurasa mbili. Kisha nikampigia baba, maana nilijua Alhamisi ikipita sitakuwa na chuo tena, na sikutaka asikie kwa watu.

"Baba, nimeharibu kazi."

"Kazi gani? Wewe si mwanafunzi?"

Nikamweleza. Baba ni fundi wa kushona viatu, si mtu wa maneno mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake nilisikia nyundo, kisha ikaacha.

"Majalada mangapi?"

"Elfu moja mia nane na arobaini."

"Na kila moja lina mtu ndani yake?"

Sikuwa nimelifikiria hivyo. Miaka mitatu ya chuo, na sikuwa nimelifikiria hivyo. Nilikuwa ninahesabu rafu.

"Lina mtu, baba."

"Hao wengine nao wanatafuta?"

"Sijui."

"Nenda kaseme," akasema. "Ukimaliza kusema uje nyumbani." Kisha akakata yeye, bila kuaga, na nyumbani kwetu kutoaga ni jambo zito.

Alhamisi saa mbili na nusu nilimkuta mama kwenye benchi la korido ya mahakama. Gauni lilikuwa limepigwa pasi mpaka kwenye mikunjo ya mikono. Alikuwa amepakata mfuko.

"Nimemletea shati na viatu," alisema kabla sijakaa. "Siku wakimwachia asitoke na zile nguo zao. Viatu sijui kama vitamtosha, huenda mguu umekua."

Mwanawe ana miaka thelathini na miwili. Mguu haukui tena. Sikumwambia, kwa sababu nilikuwa na la kumwambia lililo baya zaidi, na nilijua nikianza na viatu sitafika.

"Mama, faili la mwanao nililiharibu mimi."

Akaniangalia, akatabasamu kidogo kama mtu asiyesikia vizuri.

"Nilikosea kuhesabu miaka. Nikaliweka kwenye orodha ya kusagwa. Ulipokuja dirishani lilikuwa limeshasagwa. Nikaogopa. Nikakuonyesha usaini mahali pa mtu aliyepewa faili. Ile sahihi wanayokushtakia, nilikusainisha mimi nikijua."

Nilisema yote kwa pumzi moja. Sikuangalia kando.

Mama akaweka mfuko chini. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nani amekufundisha kusema hivi?"

"Hakuna, mama. Ni kweli."

"Wewe ulinitolea kiti. Wengine wote pale walikuwa wananipigia kelele nitoke dirishani, wewe ukanitolea kiti. Umetembea na mimi jua lote lile. Mtu mwenye kosa anatembea hivyo?"

"Ndiye anayetembea hivyo, mama. Nilikuwa ninaogopa."

"Una huruma, ndiyo shida yako. Umeona hawa watanimeza, unataka kujitupa wewe."

Nikatoa maelezo yangu, nikayafungua kwenye mapaja yake. Akayatazama bila kuyagusa. Karatasi mbili zilizojaa mwandiko wangu, na kwake zote zilikuwa sawa na ukuta.

"Karatasi ndizo zilizonifikisha hapa, mwanangu. Zikunje."

"Mama, nakuomba uniamini."

"Nisikilize na wewe." Sasa sauti ilikuwa imebadilika, sauti ya mzazi anayemkanya mtoto. "Yule msaidizi wa sheria ameniambia jambo moja, akalirudia. Akasema, usilete mtu wa kukusemea uongo, hata kwa nia njema. Jaji akigundua uongo mmoja, anatupa yote. Ukisimama mle ndani na hadithi hii, wakikuuliza mbili tatu, ukajikanyaga, mwanangu amekwisha. Na wewe watakuweka ndani. Mtoto mmoja aliyefungwa ananitosha."

Mlango ukafunguliwa. Karani akaita namba ya rufaa. Mama akasimama, akajipangusa gauni, akanipa mfuko nimshikie.

Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiri. Jaji, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Wakili wa serikali. Msajili, pembeni, na bahasha mezani. Hakunitazama hata mara moja, na hapo nikajua ameniona.

Mwanawe akaingizwa kati ya askari wawili. Nilikuwa sijawahi kumwona. Ni mwembamba, mabega yamekuja mbele, na masikio ni ya mama yake kabisa. Alimtafuta mama kwa macho, akampata, akatulia.

Wakili wa serikali hakuwa na maneno mengi. Alifungua kitabu cha dirishani, akampelekea jaji. Mama akaitwa mbele.

"Hii ni sahihi yako?" jaji akauliza.

"Ni yangu, mheshimiwa. Nilikuwa naomba faili."

"Safu hii inasema umelipokea."

"Mimi kusoma sijui. Nilisaini nilipoonyeshwa."

"Ulionyeshwa na nani?"

Swali lilikuwa limekuja lenyewe, bila mimi. Mama alihitaji tu kunyoosha mkono.

Akaangalia sakafu. "Sikumbuki, mheshimiwa."

Nikasimama. "Ni mimi, mheshimiwa jaji."

Watu wakageuka. Askari akapiga hatua, jaji akamzuia kwa kiganja. Akaniuliza mimi ni nani, nikamwambia. Akaniruhusu niseme. Nikasema kila kitu, tangu tarehe za juu ya jalada mpaka kidole kwenye safu ya pili. Sikujikanyaga hata mahali pamoja. Jaji alikuwa anaandika, na kila alipoinua macho niliona ananisadiki, au nilijidanganya hivyo.

Nilipomaliza, msajili akasimama. Alikuwa na sikitiko usoni, la kupimwa vizuri.

"Mheshimiwa, masjala yetu haina kumbukumbu ya mwanafunzi huyu. Kitabu cha waliokuja kwa mafunzo hakina jina lake. Orodha ya kusaga majalada anayoitaja haipo."

"Chuo kinajua," nikasema. "Idara yetu ndiyo iliyonipeleka."

"Tumewauliza chuo, mheshimiwa." Akafungua bahasha. "Mkuu wa idara anasema hawana ripoti yoyote ya binti huyu kutoka kwetu, wala daftari la mafunzo."

Jaji akaisoma barua, kisha akainyanyua ili niione. Chini palikuwa na sahihi ya Kiambatisho. Tarehe ilikuwa Jumanne. Aliiandika siku ile ile aliyonituma nikachukue ripoti.

Mjue kila neno la barua ile lilikuwa kweli. Hawakuwa na ripoti. Hawakuwa na daftari. Kwenye fani yangu, kisichokuwa kwenye orodha hakipo, na mimi nilikuwa nimesimama mle ndani na mfuko wa viatu mkononi, sipo.

"Una maandishi yoyote?" jaji akauliza.

Nikampa kurasa zangu mbili. Akazipitia.

"Hizi umeziandika jana."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Zinarudia ulichosema. Hazithibitishi kwamba ulikuwa masjala siku ile." Akafikiri. "Lakini kuna mtu mmoja anayeweza kuthibitisha. Mama, geuka umwangalie huyu binti."

Mama akageuka.

"Ninakuuliza, na ufikiri kabla hujajibu. Unamfahamu? Ndiye aliyekuonyesha pa kusaini?"

Msajili aliacha kupanga karatasi zake, na nikaona mkono wake umekaza kwenye ukingo wa meza. Alikuwa amefuta kila mahali, na mahali hapa hakuwa na uwezo wa kupafuta. Neno moja la mama lingetosha. Angesema ndiye, na mwanawe angevaa viatu vile siku hiyo hiyo.

"Sema, mama," nikasema.

"Nyamaza," jaji akaniambia.

Mama alinitazama kwa muda mrefu. Aliangalia uso wangu, akaangalia mfuko niliomshikia. Macho yake yalijaa upendo, na mimi nilielewa kabla hajafungua mdomo.

"Hapana, mheshimiwa," akasema. "Simfahamu."

"Hujawahi kumwona?"

"Nimemwona leo, hapo koridoni. Ni mtoto wa watu, ameona nalia, akanihurumia. Msimfanye kitu, mheshimiwa."

Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini. Askari alinikalisha kwa bega, na jaji akamwagiza asimame mlangoni, mimi nisitoke mpaka aamue la kufanya na mtu anayeingia mahakamani kutoa ushahidi wa uongo.

Mama akaruhusiwa kurudi kwenye benchi. Alipita karibu yangu, akainama kuchukua mfuko wake. Uso wake ulikuwa na ahueni ya mtu aliyevuka mahali pabaya. Mwanawe kule kizimbani akaiona ahueni ile, na yeye akatabasamu.

"Nimekutoa, mwanangu," akaninong'oneza. "Nenda kafanye mtihani wako."

Nyuma yake jaji alikuwa ameshaanza kuandika.